Diski ya Kompyuta Imegoma Baada ya Safari ya Ndege: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuiwasha Tena

Mtu anatua Dar es Salaam usiku wa manane akitokea Dubai. Anafika nyumbani, anafungua begi, anawasha kompyuta hata viatu hajavua. Haiwaki, au inawaka na kuandika kwamba haioni diski. Anaizima, anaiwasha. Anaizima tena, anaiwasha tena. Asubuhi anapoileta kwangu ameshaiwasha mara ishirini, na kazi ambayo ingekuwa ya dakika kumi imegeuka kuwa kazi ya kuokoa mabaki.

Nimeshika bisibisi kwa miaka mingi, na ombi langu la kwanza kwa anayetoka uwanja wa ndege ni hili: iache kwanza. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu baada ya safari, diski yake ni nzima. Kilichoharibika ni waya uliolegea, umeme usiolingana, au unyevu ulioingia mahali pasipotakiwa. Lakini zile chache ambazo diski imeumia kweli, kila unapoiwasha unaiumiza zaidi. Kwa hiyo tafuta dalili yako hapa chini, anza na ukaguzi mwepesi, na pale ninapoandika "simama" ninamaanisha simama.

Kwanza, muda wa saa sita

Begi lililokaa kwenye sehemu ya mizigo ya ndege hutoka na baridi. Ukilifungua kwenye joto la Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa yenye unyevu hugusa chuma baridi na kuacha umande, kama chupa ya soda iliyotoka sasa hivi kwenye friji. Umande huo ukiwa juu ya ubao wa umeme wa diski, ukiwasha unaweza kuunguza ubao ambao ulikuwa mzima. Iache kompyuta ndani ya begi lililofungwa, ipate joto polepole, ili umande ukae nje ya begi na si ndani ya mashine. Saa sita zinatosha mara nyingi; mimi huacha mpaka kesho yake. Usiianike juani, wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele.

Wakati unasubiri, jua una diski ya aina gani, kwa kuwa nusu ya maelezo yanategemea hilo. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni zina SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. SSD haigongi wala hailii. Ikigoma baada ya safari, mara nyingi imelegea kwenye soketi yake tu. Diski ya zamani, ile nzito, ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ndiyo maana pigo moja wakati inazunguka linatosha kuimaliza.

Na hapa niwaondolee watu hofu mbili ninazozisikia kila wiki. Mashine za eksirei za uwanja wa ndege hazifuti diski. Kwenye diski ya visahani data imeandikwa kwa sumaku, na eksirei si sumaku. Wala mwinuko wa ndege si tatizo. Hewa ndani ya ndege za abiria husukumwa ili iwe kama ya mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, na sehemu ya mizigo nayo iko ndani ya mwili huohuo wenye hewa ya kusukumwa. Watengenezaji wengi huruhusu diski kufanya kazi hadi mita 3,048. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300, na kompyuta zinafanya kazi huko kila siku. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule anayetaka kuwasha diski ya visahani kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako hewa ya kuviinua vichwa ni nyembamba mno.

Kinachoumiza diski safarini ni kuangushwa na kutikiswa. Diski ya kompyuta mpakato ikiwa imezimwa, vichwa vikiwa vimeegeshwa pembeni, hustahimili pigo la takriban G 1,000, yaani mara elfu ya nguvu ya uvutano wa dunia, kwa muda mfupi sana. Ikiwa inazunguka, ustahimilivu huo hushuka chini ya nusu. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani ni dhaifu zaidi: G 300 hivi ikiwa imezimwa, na takriban 70 tu ikiwa inafanya kazi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja huwa hili: uliizima kabisa, au ulifunga kifuniko tu? Kompyuta iliyolazwa usingizi inaweza kuamka yenyewe ndani ya begi, ikazungusha diski wakati wewe unakimbilia geti.

Dalili: haiwaki kabisa, hakuna taa wala sauti

Watu husema "diski imekufa". Diski iliyokufa kwa kawaida haizuii kompyuta kuwaka taa. Hapa tafuta umeme.

Kwa kompyuta mpakato, chanzo cha kawaida zaidi ni betri iliyoisha njiani pamoja na plagi ya ugenini isiyokaa sawasawa kwenye soketi yetu ya pini tatu. Jaribu soketi nyingine na adapta nyingine. Soma kibandiko cha chaja: ikiwa imeandikwa 100–240V, umeme wetu wa volti 230 ni wake. Kisha chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, rudisha chaja, ujaribu tena. Ukiona mgongo wa kompyuta umevimba au sehemu ya kipanya imeinuka, simama: betri imevimba, na betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto. Usiichaji, usiibonyeze.

Kwa kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani, tafadhali soma aya hii kabla hujachomeka. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu ni 230. Geuza kompyuta utazame mgongoni, pale waya wa umeme unapoingia. Pawasapulai, yaani boksi linaloigawia kompyuta umeme wa ukutani, nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa iko kwenye 115 na ukachomeka kwenye soketi ya hapa, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na hapo pawasapulai imekwenda. Nimepokea kompyuta kadhaa za namna hiyo, zimetumwa na ndugu waliojinyima ili mtoto asome, zikaungua sekunde ya kwanza. Sogeza swichi iwe 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa hakuna swichi na kibandiko kinasema 100–240V, endelea bila wasiwasi.

Ikishalipuka, chomoa ukutani na simama. Usifungue boksi la pawasapulai. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na zinaweza kumwua mtu. Mpe fundi abadilishe boksi zima. Mwambie ajaribu pawasapulai mpya kwanza bila diski, aiunganishe baadaye. Habari njema ni kwamba mara nyingi mlipuko huishia kwenye pawasapulai. Hata pale umeme ulipopita mpaka kwenye diski, ubao wake huwa na vijidayodi vinavyojitoa mhanga: vinaungua ili vingine vipone, na fundi wa elektroniki anaweza kuvibadilisha.

Chanzo cha nadra zaidi, lakini nakiona: kipoza joto kikubwa au kadi nzito ya picha imeng'oka wakati wa safari na imelala juu ya ubao mkuu. Fungua kava utazame kabla ya kuwasha. Kitu chochote kinachocheza ndani ukitikisa boksi kidogo lazima kipatikane kwanza.

Dalili: inawaka, lakini inasema hakuna diski ya kuwashia

Utaona maneno kama "No bootable device" au "Operating system not found". Sikiliza kwanza. Ikiwa unasikia diski ikigonga, ruka uende kwenye dalili ya mwisho. Ikiwa iko kimya au inavuma kawaida, fuata mpangilio huu.

Ondoa fleshi, kadi ya kamera na kila kilichochomekwa. Inaonekana jambo dogo, lakini mtu aliyekuwa anaangalia filamu kwenye ndege huisahau fleshi, na kompyuta inajaribu kuwaka kutoka humo.

Bado? Zima, chomoa umeme, fungua kava. Kwenye kompyuta ya mezani, diski ina kebo mbili za SATA: nyembamba ya data na pana ya umeme. Mara nyingi hushikiliwa kwa msuguano tu, na mtikisiko wa safari huzilegeza. Chomoa kila moja pande zote mbili, uchomeke tena mpaka uhisi imekaa. Gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke. Kwenye kompyuta mpakato, SSD nyembamba ya M.2 hushikiliwa na skrubu moja tu. Skrubu hiyo ikilegea, kipande kizima huinuka. Hii peke yake imenipa tabasamu nyingi za wateja waliokuja wameshakata tamaa.

Kisha ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya msingi unaofunguka kabla ya Windows, utazame saa na tarehe. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya duara, CR2032, imeisha. Kompyuta iliyokaa siku nyingi bila umeme ndani ya mzigo husahau mipangilio yake, ikiwemo namna ya kuongea na diski. Hapo unaweza kupata skrini ya bluu yenye maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE", na ukaambiwa usimike Windows upya. Usikubali haraka. Tafuta kwenye BIOS sehemu ya SATA, uone kama imesimama kwenye AHCI au RAID (namna mbili za ubao mkuu kuongea na diski), ubadilishe kwenda ile nyingine, ujaribu. Ikiwaka, badilisha betri na kazi imekwisha.

Ikiwa BIOS haioni diski hata baada ya kebo mpya na soketi nyingine ya SATA, mtuhumiwa sasa ni diski yenyewe. Hapa ndipo unapoacha kama kuna data unayoihitaji.

Dalili: inadai ufunguo wa tarakimu 48

Hii si diski mbovu hata kidogo, na inaniumiza nikiona mtu amefutiwa kila kitu kwa sababu yake. Windows nyingi hufunga diski kwa BitLocker. BIOS ikibadilika, kwa mfano betri ile ndogo imeisha, mfumo unashuku wizi na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Tumia simu au kompyuta nyingine, ingia kwenye akaunti ya Microsoft uliyoiwekea kompyuta hiyo, mara nyingi utaukuta umehifadhiwa. Kama kompyuta ni ya ofisi, ufunguo uko kwa watu wa teknolojia wa ofisi. Usimruhusu mtu asimike Windows upya kabla hujautafuta kotekote, maana baada ya hapo hakuna fundi duniani atakayekurudishia faili zilizofungwa.

Dalili: diski ya nje haionekani

Kebo ndiyo ya kwanza. Zile kebo fupi zenye kichwa kipana hupindika ndani ya mkoba na kukatika ndani bila kuonekana. Azima nyingine.

La pili ni umeme mdogo. Diski ndogo ya nje hutegemea USB pekee. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Ukiichomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta ya zamani, au kupitia kigawanyio cha matundu manne, diski inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena, na unasikia tik-tik au mlio mdogo. Chomeka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, mara moja. Ikitulia na kuonekana, nakili data leo hii. Ikiendelea kulia, chomoa.

La tatu ni adapta zilizochanganywa. Diski kubwa ya nje hutumia adapta yake ya volti 12. Chaja ya kompyuta mpakato mara nyingi ni volti 19, na kichwa chake wakati mwingine kinaingia bila shida. Baada ya kufungua mabegi matatu usiku, waya zote zinafanana. Soma volti kwenye kibandiko kabla ya kuchomeka. Ikiwa umeshakosea na kuna harufu ya kuungua, simama. Ni wale vijidayodi tena, na huenda data yote ni salama chini yake.

Diski ikionekana lakini Windows ikasema "You need to format the disk", au kwenye usimamizi wa diski ikauliza "Initialize Disk", bonyeza kukataa. Zote mbili zinaandika juu ya kile unachotaka kukiokoa.

Dalili: inawaka, lakini ni nzito na baadhi ya faili hazifunguki

Hapa diski imeumia lakini bado inasema. Una muda, ingawa haujulikani ni mwingi kiasi gani, na mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko kitu kingine chochote.

Nakili kwanza kile kisichopatikana tena: picha, tasnifu, hesabu za duka, nyaraka za ardhi. Filamu na programu utazipata kwingine. Nakili folda moja moja. Folda ikikwama, iruke uende nyingine.

Baada ya hapo ndipo upime. CrystalDiskInfo ni programu ya bure kwenye Windows na husoma kumbukumbu ya afya ambayo diski huiandika yenyewe, SMART. Tazama mistari minne. Namba 05 ni sehemu zilizoharibika ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni sehemu zinazosubiri hukumu. C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Zikipanda kati ya leo na kesho, diski inakufa. C7 ni tofauti: huhesabu makosa njiani kati ya diski na ubao mkuu, na ikipanda peke yake mara nyingi ni kebo. Badilisha kebo ya shilingi chache kabla ya kuilaani diski.

Usiendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski yenye C5 au C6. Watu hushauriana hivyo kila mahali, na kila mahali inaleta majuto. Chkdsk inajaribu kupanga upya orodha ya faili, kwa kuandika, juu ya diski isiyoweza tena kuandika vizuri. Anayejua mfumo wa Linux atumie programu ya ddrescue kutengeneza nakala nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Hiyo huchukua kwanza sehemu nzima, huacha mbovu kwa mwisho, na hukumbuka ilipofika. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Asiyejua Linux amwombe fundi afanye hivyohivyo.

Dalili: inagonga, inakwaruza, au inalia kama mbu

Simama. Zima kwa kuchomoa umeme. Usijaribu mara moja zaidi kwa ajili ya kunionyesha. Rekodi sauti kwa simu ile mara ya kwanza, inatosha.

Kugonga kwa mpigo sawa, tik, tik, tik, halafu kimya, mara nyingi ni vichwa vilivyoharibika kwa pigo na sasa vinatafuta njia visiione. Mlio mwembamba bila kuzunguka ni mota inayojaribu kusukuma visahani vilivyonasa, kwa kawaida kwa sababu vichwa vimetua na kushikamana navyo. Kukwaruza ni kibaya kuliko vyote: kichwa kinachimba uso wenye data, na vumbi lake linasambaa kwenye visahani vingine.

Ushauri wa mitaani hapa ni mwingi na wote unaharibu. Kuiweka diski kwenye friza huleta umande uleule tuliouzungumzia mwanzo, safari hii ndani kabisa. Kuigonga mezani hupasua kilichobaki. Kufungua kifuniko chake chumbani huingiza vumbi ambalo, kwa kichwa kinachoelea nanomita chache, ni kama jiwe barabarani. Na kubadilisha ubao wa chini kwa ubao wa diski nyingine ya aina hiyohiyo haisaidii kwenye diski nyingi za kisasa, kwa kuwa kila ubao una chipu yenye vipimo vya diski yake pekee. Chipu hiyo lazima ihamishwe pia.

Ukiikabidhi

Muulize fundi: utatengeneza nakala kwanza kabla ya kurekebisha? Ukilazimika kuifungua, una chumba cha hewa iliyochujwa, au utaipeleka kwa mwenye nacho? Nisipopata data, nitalipa nini? Anayejibu kwamba atafungua palepale juu ya meza, mshukuru uondoke na diski yako.

Mweleze ukweli wote: ilianguka au haikuanguka, ilikuwa imezimwa au imelala, umeiwasha mara ngapi, sauti ilianza lini. Mwambie faili tatu za kwanza unazozihitaji na zilipokaa. Andika namba ya diski kwenye karatasi mbele yake, mweke sahihi wote wawili. Na hata akikwambia haikuwezekana, rudi nayo nyumbani. Fundi mwenye vifaa bora anaweza kuisoma baadaye, na ukiiacha dukani, mtu usiyemjua naye anaweza.